Mzee Bundi Kailemia na Barua Tatu za Vikinga Masikio

Tarehe 31 Julai 2025, Mzee Bundi Kailemia anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja akiwa fundi wa pampu na mabomba katika kiwanda chetu cha kahawa, hapa Githongo. Kamati ya ustawi iliniomba wasifu wa kuchangamsha. Nimejaribu.

Alijiunga nasi mwaka 1994 akiwa na spana mbili na barua ya mchungaji. Jina lake liliwachekesha wageni, maana kwa Kiswahili bundi ni ndege. Ilibidi tuwaeleze kwamba kwa Kimeru bundi ni fundi, na wazazi wake hawakukosea. Mwaka 2006 bomba kuu la kutoka mtoni lilipasuka katikati ya msimu. Alilifunga kwa mpira wa tairi na waya, likashika wiki tatu. Hakuna kahawa iliyooza. Cheti cha mfanyakazi bora mwaka huo kilikwenda kwa karani wa mizani.

Chumba chake kina injini mbili za dizeli, na ni ukuta wa mabati tu unaokitenga na mashine ya kukoboa. Mle ndani watu huongea kwa ishara. Aliomba vikinga masikio kwa barua mwaka 2008, 2013 na 2019. Mimi ndiye karani wa masjala. Zote tatu nilizigonga muhuri wa kupokelewa, nikazifungia kwenye faili. Kufikia 2020 alikuwa akitusoma midomo.

Machi mwaka jana meneja wetu, Bwana Adrian Mutugi, aliweka tangi kubwa la samaki sebuleni kwake, ndani ya boma la kiwanda. Maji yaliyozidi yaliingia kisanduku cha pembeni, yakateremka kwa bomba hadi tangi dogo ndani ya kabati, kisha pampu ikayarudisha juu. Bomba hilo lilikoroma mchana kutwa. Mkewe, Veronicah, akalalamika kwamba hasikilizani na wageni. Siku hiyo hiyo Mzee Kailemia aliitwa, na vifaa vikanunuliwa Meru mjini kabla ya saa tisa.

Nilitumwa niende naye nimwandikie maagizo kwenye karatasi. Hakuyahitaji. Aliweka kiganja kwenye bomba, akatambua kwamba linavuta hewa pamoja na maji. Akalitia koki, akaibana kidogo kidogo mpaka maji yakalijaza lote na hewa ikakosa pa kupita. Ncha yake ya chini akaizamisha kidogo tu ndani ya maji ya tangi dogo. Ndani ya kisanduku cha pembeni akasimamisha bomba la pili, mdomo wake juu kidogo kuliko wa la kwanza, lichukue maji machache ya ziada, na la tatu juu zaidi, kavu, la kuokoa zulia iwapo la kwanza litaziba. Kila alipogusa koki alirudisha kiganja, hadi bomba likaacha kutetemeka. Sebule ikatulia, tukaisikia saa ya ukutani.

Bwana Adrian akamshukuru mara mbili. Mzee alikuwa ameinama akifuta maji sakafuni, hakuitika.

“Kwani huyu hasikii?” akaniuliza.

“Hasikii, bwana. Ni zile mashine.”

“Si angesema?”

Nambari ya faili naijua kwa kichwa. Lakini nilibeba ndoo ya fundi, tukatoka. Sikujivunia.

Wiki iliyofuata nilizitoa barua zile nikaziweka mezani kwa Bwana Adrian. Vikinga masikio vilifika Juni mwaka huu, jozi arobaini. Mzee Kailemia alipewa jozi ya kwanza, akapigwa picha. Alikuwa amebakiza wiki sita, na daktari alishamwambia kwamba kilichokwenda hakirudi. Mkewe, Karambu, hamwiti tena kutoka upande wa pili wa shamba. Humfuata mpaka alipo.

Bwana Adrian ameisoma nakala hii. Amesema ichapwe ilivyo.

Asante, Mzee. Maji yalifika kila msimu kwa sababu yako, nasi tulilichelewesha ombi lako hadi likawa halina maana. Wewe na Karambu, Mungu awape miaka mirefu na kahawa yenye mbegu nzito.

Kwa wenzangu: hotuba za Alhamisi ziwe fupi. Atakaa mbele kwa adabu, apige makofi wengine wakipiga. Mwenye shukrani ya kweli amwendee alipoketi, amshike mkono, amtazame usoni, aseme polepole.

Celina Makandi, Masjala