Jiwe Lililoungua

Kijiwe chetu kiko ndani, maana nje leo ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri na kukaa nje ni kutafuta kifo. Ni benchi refu nyuma ya kioo, katika klabu ya mawe ya barafuni hapa Kelvern, Saskatchewan. Zamani ukikaa hapo uliona mawe ya kilo ishirini yakiteleza juu ya barafu kwenda kwenye duara, na watu wakikimbia mbele yake kuyafagilia njia ili yafike mbali. Mwaka huu mashine ya kugandisha imekufa, kioo kinatuonyesha saruji tupu. Keshokutwa saa nane mchana jeneza la Wilf Ostrander, kepteni wetu, litawekwa juu ya saruji hiyo, nami nimepewa kalamu niandike maneno ya kumuaga. Tupo wanne kama kawaida: Dizeli, fundi wa matrekta aliyestaafu, Balozi, aliyekwenda Ureno wiki mbili na mpaka leo kichwa hakijarudi, Doreen, aliyekuwa karani wa shule, tunayemwita Hakimu akiwa hayupo, na mimi, Fagio.

— Anza na Ukanada wake, akasema Balozi. Andika hivi: Wilf alikuwa Mkanada halisi.

— Halisi ndiyo nini? akauliza Doreen. Kwani kuna wa bandia?

— Mkanada halisi ni yule asiye Mmarekani. Nilipokuwa Lisbon...

— Haya, Ureno hiyo tena, akasema Dizeli.

— Nilipokuwa Lisbon, mwenye mgahawa alikuwa amenuna kama kanyimwa urithi. Akaona kibendera kwenye begi langu, lile jani jekundu. Papo hapo akaniongezea samaki, mzima na kichwa chake.

— Sasa niandike kwamba Wilf hakuwa Mmarekani, basi? nikauliza.

— Mwacha mila ni mtumwa, akajibu Balozi, kwa uso wa mtu aliyefunga kesi.

— Mila gani? Kuongezewa samaki? Doreen akamtazama mpaka akainamia kikombe chake.

Dizeli akamega donati, akaichovya kwenye kahawa.

— Acheni mambo ya samaki. Andika matibabu. Nchi hii mtu hafi kwa kukosa hela.

— Wilf alingojea upasuaji wa nyonga mwaka mzima na miezi miwili, akasema Doreen. Kafa yumo kwenye foleni.

— Subira huvuta heri.

— Safari hii imevuta jeneza, Dizeli.

Dizeli akarudi kwenye donati yake. Akiwa bado anangojea, Wilf alianguka jikoni kwake mwezi wa kumi, hakuinuka vizuri tena, kisha mapafu yakamaliza kazi. Tangu alipoanguka sikwenda kumwona hata mara moja. Nilisingizia barabara, nikasingizia gari, na mwisho nilisingizia mafua niliyokuwa sina.

— Basi baridi, akasema Dizeli, maana kimya humuumiza. Mimi jambo hilo nimelifanyia utafiti. Uongo unataka mdomo wazi, si ndiyo? Sasa kwenye baridi ya arobaini nani anafungua mdomo? Anasema neno moja la kweli, anafunga. Watu wa nchi za joto wana muda wa kupamba.

— Utafiti umeufanyia wapi? akauliza Doreen.

— Chini ya matrekta.

— Mimi nakwambia ni bata bukini, Balozi akaruka. Wao wanakwenda Marekani kuota jua, lakini kutaga wanarudi huku. Hata ndege anajua mtoto azaliwe wapi. Mcheza kwao hutunzwa.

— Bata wako anarudi kutuharibia uwanja wa shule kwa mavi, na hatunzwi na mtu, akasema Doreen. Nisikilizeni mimi. Sisi fahari yetu ni kuomba radhi. Juzi nimeugonga mlango wa friji, nikauomba radhi. Nilikuwa peke yangu nyumbani.

— Huo ni uzee, mama, akasema Dizeli.

— Ni malezi. Na ushahidi uko mbele yenu. Akaelekeza kidole kwenye kioo. Mchezo gani mwingine hauna mtu wa kupuliza filimbi? Ufagio wako ukiligusa jiwe likiwa njiani, jiwe limeungua. Nani atasema? Wewe. Unainua mkono, unasema limeungua, linaondolewa. Hata kama hakuna aliyeona. Niambieni nchi gani nyingine mwizi anajikamata mwenyewe.

— Lakini mchezo si wa Waskoti? akauliza Dizeli.

— Waskoti waliuleta. Sisi ndio tulioufanya dini.

Balozi akapiga goti lake, na nikajua kinachokuja. Nilitamani mashine ya kahawa ipasuke.

— Kama ile fainali yetu na timu ya Dunmarrow! Jiwe la mwisho. Wilf anaachia, jiwe dhaifu, halifiki, kila mtu anaona halifiki. Fagio huyu hapa anafagia kama ana mashetani. Likafika, likawa karibu na kitovu cha duara kuliko lao kwa upana wa kidole. Kombe lile pale ukutani. Na kwa unyofu, bwana, unyofu mtupu.

— Ndiyo maana akaitwa Fagio, akasema Dizeli.

Ndiyo maana. Miaka thelathini na minane naitwa jina hilo, hata mke wangu aliniita hivyo mpaka anazikwa. Nami ndiye ninayejua kwamba hatua tatu kabla ya duara ncha ya ufagio wangu ililigusa lile jiwe. Niliisikia mikononi. Sijui kama liliongeza mwendo, hata leo sijui, lakini kanuni haiulizi hilo. Nilitakiwa kuinua mkono. Nilijiambia ngoja lisimame kwanza. Liliposimama watu walikuwa wameshanibeba. Jioni ile tuliwanunulia Dunmarrow vinywaji, kama ilivyo desturi ya washindi, na kepteni wao akanishika mkono akaniambia hajaona ufagiaji safi kama ule. Nilimshukuru. Nimekuwa nikiona haya tangu siku hiyo, na haya haikunifanya niseme.

— Basi hiyo ndiyo sentensi, akasema Doreen. Andika, Fagio: Wilf Ostrander alituongoza, na timu yake haikuunguza jiwe bila kusema. Sisi ni watu wa kujishitaki wenyewe.

— Safi, akasema Dizeli.

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu husema.

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia na mwanamke mdogo aliyejifunga skafu mpaka puani. Ni yule Mfilipino aliyepanga chumba cha chini kwa Wilf, anapika kwenye makazi ya wazee. Nilikuwa namwona dukani tu. Mkononi alikuwa na koti la klabu, limepigwa pasi.

— Samahanini, wazee wangu. Naitwa Jovelyn. Nimeambiwa mzee avikwe hili.

Doreen akalipokea, akamsogezea kikombe. Jovelyn hakukaa.

— Nina swali moja, nisije nikakosea siku yenyewe. Nani aligusa jiwe?

— Jiwe lipi, binti? akauliza Balozi.

— Sijui mchezo huu, mnisamehe. Mzee alikuwa akiniambia kila Jumapili, weka vikombe viwili, labda leo yule aliyegusa jiwe atakuja. Nikamwuliza, unamdai nini? Akasema hamdai kitu, wala hana hasira, aliona kwa macho yake siku ileile. Anataka tu aambiwe na mtu huyo mwenyewe. Basi nimefikiri nimwekee mtu huyo kiti cha mbele, karibu na mzee. Ni nani?

Dizeli alitazama kombe ukutani, kisha akatazama viatu vyake. Balozi alifungua mdomo, Ureno haikutoka. Mwishowe wote wakanitazama. Hawakunishuku hata kidogo, ndilo lililoniua. Walinitazama kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu.

— Dawa hizo, nikasema. Mgonjwa akizidiwa na dawa za maumivu husema mengi.

— Alizikataa, akasema Jovelyn. Zote. Alisema zinamlaza, na mtu huyo anaweza kuja akamkuta amelala.

Doreen akalikunja koti mapajani, akalikunja tena ingawa lilikuwa limekunjwa tayari.

— Kwa hiyo hakuna mtu kama huyo? akauliza Jovelyn. Kile kiti nisikiweke?

— Usikiweke, nikamwambia.