Asubuhi Niliyokataa Kuingia Ziwani

Mwangaluka, ndugu zangu. Mimi si mzungumzaji, na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia. Nimesimama kwa sababu kikao kilichopita cha sisi wenye wagonjwa wa figo dada mmoja aliuliza, kwa uchungu, kwa nini kaka yake aliyejitolea kutoa figo amerudishwa nyumbani wakati ni mzima, anabeba magunia ya pamba. Siku ile nilinyamaza. Leo namjibu, maana na mimi nilirudishwa.

Majina sitataja. Natokea upande wa Nassa, ziwani. Kazi yangu ni dagaa: nanunua kwa wavuvi, naosha, naanika, nauza. Mdogo wangu wa kiume ni fundi cherehani hapa Bariadi, na baadhi yenu mmevaa alichoshona. Figo zake zilikufa zote mbili. Mliokaa kwenye ile mashine ya kusafisha damu mnajua mambo yake, sina haja ya kueleza. Ndugu zetu walipimwa. Mmoja ana presha, mwingine damu haikupatana na ya mgonjwa. Yangu ikapatana. Nilifurahi kama bibi harusi.

Halafu yakaanza maswali. Daktari, mama mmoja mpole, akaniuliza kama natembea pekupeku. Kama nafuga mbwa. Kama nyama nakula imeiva. Maji ya kuoga natoa wapi. Nilijibu yote, lakini moyoni nikawa najiuliza: nimeleta figo, huyu anataka habari za mbwa wangu?

Nikamwambia, "Daktari, samahani. Figo na nyayo zangu vinahusiana nini?"

Akacheka. "Mama, wewe Msukuma. Ukiletewa ng'ombe wa mahari, unamwingiza zizini hivi hivi?"

"Hapana. Tunamkagua kwanza. Hata masikio tunafunua, tuone kupe."

"Basi na mimi natafuta kupe."

Wakapima damu, mkojo na choo. Jibu likaja: nina kichocho. Nikakataa. Nikasema kichocho ni cha watoto wa shule, wale wanaokojoa damu, na mimi nina wajukuu. Daktari akasema kiko pia cha tumbo, na mtu anaweza kuishi nacho miaka mingi bila kuhisi kitu.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, sikuona aibu wala hofu. Nilitaka kumwona. Nikaenda maabara, nikamwomba mtaalamu wa pale, "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Huyo mnyoo wangu."

"Hapa kuna yai lake tu, mama. Haya, inama."

Nikaweka jicho kwenye kioo cha darubini. Yai refu hivi, na ubavuni lina mwiba, kama mwiba wa mgunga. Nikamwuliza wazazi wake wako wapi. Akasema wako kwenye mishipa ya damu, karibu na utumbo. Dume amemkumbatia jike, na hukaa hivyo miaka.

"Bila kugombana?" nikamwuliza.

"Bila kugombana."

"Basi wametushinda sisi wenye vyeti vya ndoa."

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini daktari hakucheka aliponieleza yaliyobaki. Mdogo wangu akishapandikizwa atakunywa dawa za kulaza ulinzi wa mwili wake, ili usiifukuze figo ngeni. Mdudu yeyote aliyepanda na figo atakuta nyumba haina mlinzi. Nikapewa vidonge vya kichocho. Vikubwa, vichungu. Nikaambiwa nisubiri wiki kadhaa nipimwe tena, na katika kusubiri nisiguse maji ya ziwa. Nikiambukizwa tena, tunaanza upya.

Na mdogo wangu hakuwa na upya wa kuanzia. Mishipa ya kuunganishia mashine ilikuwa inaziba mmoja baada ya mwingine.

Nikamwachia jirani dagaa, nikawa naoga maji ya bomba. Ziwa nililiangalia kwa mbali kama mtu niliyekosana naye.

Katika kusubiri huko, mama yetu akafariki. Aliugua kidogo tu. Mniruhusu hapo nisiseme mengi.

Sasa, kwenye ukoo wetu, asubuhi ya kuanua matanga watoto wa marehemu wanaingia ziwani kuosha msiba. Wanaingia mpaka kiunoni, na anayetangulia ni mtoto wa kwanza. Asipoingia, hakuna wa kuingia. Mtoto wa kwanza ni mimi.

Mdogo wangu alikuja kuzika, akarudishwa Bariadi kwa ajili ya mashine. Jioni kabla ya kuanua akanipigia. "Dada, ingia tu. Ni mama."

"Na figo?"

"Tutaanza upya."

"Una mshipa wa kuanzia upya, wewe?"

Nikasikia cherehani ya jirani yake inapiga, kisha simu ikakatika.

Asubuhi tukashuka ufukweni. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake marehemu, ndiye aliyesimamia. Akanishika bega. "Ng'wanone, tangulia." Yaani mwanangu.

Maji yalikuwa yametulia, masafi, nayaona mpaka mchanga wa chini. Niliwaza kuingia na kunyamaza. Nani angejua? Lakini yule mwenye mwiba angejua. Nikasema, "Mama mdogo, siingii."

Nyuma yangu binamu mmoja akasema, "Ameanza mambo ya hospitali." Mwingine akasema, kwa sauti ya chini iliyofika vizuri, "Alikuwa na nini na mama yake?" Hilo lilinikata. Mnajua kwetu mtu anayekataa kuosha msiba anavyotazamwa.

Mama mdogo hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazama samaki sokoni. "Sema sababu."

Nikasema. Nikaeleza kama daktari alivyonieleza: konokono kwenye majani, na vidudu vinavyotoka kwao na kuogelea.

"Vinaingilia mdomoni?"

"Kwenye ngozi."

"Penye kidonda?"

"Hata pasipo kidonda."

"Wewe umeviona?"

"Nimeliona yai lake. Lina mwiba ubavuni."

"Upande upi?"

Ndugu zangu, pale msibani, watu wakasogea. Mjomba akauliza kama linaonekana kwa macho. Yule binamu wa "mambo ya hospitali" akauliza kama ng'ombe nao wanapata. Nilijibu nilichokijua, na nisichokijua nikasema sijui. Kisha mama mdogo akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Huyu akiingia, mdogo wake anaweza kufa?"

"Anaweza, mama mdogo," nikajibu.

"Dada yangu aliacha kuchota ziwani tangu bomba lifike kwake. Chai ya maji ya ziwa alikuwa anaikataa hata kwangu. Leteni ndoo yake."

Ikaletwa, ile ya bluu yenye mpini wa kamba, imejaa maji ya bomba. Nikapiga magoti kwenye mchanga mkavu. Mama mdogo akanimwagia kichwani, polepole, akisema, "Dada, mwanao wa kwanza huyu, ameoga." Wengine wakaingia ziwani kama kawaida. Yule binamu alisimama pembeni, akasubiri ndoo.

Nilipopimwa tena, mtaalamu alitafuta muda mrefu kisha akaniita. "Mama, hawapo." Mtanishangaa, nilisikia upweke kidogo. Mama ameondoka, na hao nao wameondoka.

Tukapasuliwa. Nilipoamka, maumivu ubavuni, muuguzi akaniletea simu. Ni mdogo wangu, kutoka wodi nyingine. Alisema neno moja: "Nimekojoa." Nyie mliomo humu ndiyo mnaoelewa kwa nini watu wazima wawili walilia kwa sababu ya mkojo.

Namshukuru yule daktari aliyekubali kuulizwa, na mtaalamu wa maabara aliyeniachia kioo chake. Nawashukuru ninyi mliokaa na mdogo wangu nilipokuwa mbali. Dada uliyeuliza, mwambie kaka yako kurudishwa si kukataliwa. Arudi akaulize wameona nini, kinatibika au hakitibiki, na yeye afanye nini. Wamekagua kwa faida ya mgonjwa wenu.

Na mama mdogo namshukuru kuliko wote. Naye alikwenda kupimwa, akarudi na vidonge na hasira, eti mimi nilionyeshwa yai, yeye wamemnyima.

Mdogo wangu alipopata nguvu tulimpeleka Nassa kaburini. Alikuwa hajaosha msiba, na kwa dawa anazokunywa ziwani haingii. Mama mdogo akatoa ile ndoo, akanipa mimi. Fundi akapiga magoti, akavua kofia, kisha akainua uso.

"Dada, maji ya wapi haya?"

"Ya bomba."

"Una uhakika?"

"Inamisha kichwa," nikamwambia, nikammwagia.

Asanteni, ndugu zangu. Wabeja sana.