Kimya Tulichomwekea Otília

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mkoa, Bi Ľubica Zvarová; meya wetu; padri wetu; na wewe Otília Brezanská, uliyeketi kulia kwa mgeni rasmi:

KARIBU KRIVÁ DOLINA

Sisi wakazi wa kijiji hiki tumekupokea, mgeni rasmi, kwa mkate na chumvi kama ilivyo desturi yetu, na tunasema tena karibu. Barabara imeondolewa theluji tangu alfajiri, kazi ambayo siku nyingine hungoja mpaka saa sita mchana. Kweli, mgeni njoo mwenyeji apone. Risala inasomwa na Štefánia, mwenye duka, kwa sababu wengine wote walikataa.

HISTORIA

Otília ni mtoto wa pekee wa marehemu Ondrej, aliyeendesha lifti ya kupandisha watelezaji mlimani. Alipofuka kwa ugonjwa akiwa na miaka tisa, na majira yaleyale ya baridi baba yake akamrudisha kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini. Watu wakamjia juu: "We Ondrej, unataka kumuua mtoto?" Akawajibu, "Nikimfungia jikoni ndiyo nitakuwa nimemuua."

Baadaye binamu yake, Žofia, akawa mwongozaji wake. Žofia hutangulia kwa skii akisema kwenye redio ndogo, na Otília humsikia ndani ya helmeti na kufuata sauti. Neno lao la kukata kona ni moja tu: "Hop!" Kilomita tisini kwa saa, gizani, nyuma ya neno moja. Sisi wenye macho mteremko ule tunaushuka kwa matako.

MAFANIKIO

Ana medali kumi na moja za mashindano ya kimataifa ya wasioona, nne za dhahabu. Nyumba zetu za wageni hujaa kwa jina lake. Picha yake kubwa iko kituo cha basi, anacheka, nywele zimetoka nje ya kofia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumweleza ilivyo.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa ndipo penye uzito. Miaka mitatu iliyopita mbio zilifanyika hapahapa nyumbani. Tulijipanga kando ya njia, na Otília alipotokea tukafanya tunachomfanyia kila mtelezaji tangu enzi za babu zetu. Tulipaza sauti kijiji kizima: "Hop! Hop! Hop!" Akasikia neno lake, akakata kona pasipo na kona. Aliingia kwenye uzio, akavunjika mtulinga na mbavu mbili.

Hospitalini alitutania: "Nyie mmenishangilia mpaka mkaniangusha! Haya, yaishe." Kwake yaliisha. Kwetu hayakuisha. Meya akasimamisha kibao mlimani: KIMYA, OTÍLIA ANAPITA. Kilikuwa cha siku za mbio tu, lakini aibu ikatufuata mpaka barabarani na kanisani. Akipita, tunanyamaza. Na asiyeona, usipomsemesha, kwake wewe hupo.

Novemba aliingia dukani kwangu. Tulikuwa sita, tunabishana kuhusu bei ya kuni, mara kimya.

"Kuna nani humu?" akauliza.

Nikasema, nikimwita kwa jina lake la utotoni, "Ni mimi tu, Otka."

"Wewe tu? Basi dada Štefánia umeanza kuvuta tumbaku ya mzee Gejza. Na kikohozi cha Margita umekiazima lini?"

Akachukua maziwa yake, akatafuta mlango kwa fimbo, akatoka. Tulikuwa sita na hakuna aliyemfungulia.

Tena mwaka jana Žofia alikwenda Austria kulea wazee, kwa kuwa hapa hakukuwa na kazi. Majira haya yote ya baridi Otília hajashindana. Sisi tulijaribu. Mzee Gejza alijitolea kumwongoza, akaanguka kabla ya kona ya kwanza, na Otília ndiye aliyemwinua. Wiki iliyopita alimwambia meya kwamba theluji ikiyeyuka anahamia Bratislava. "Kule simjui mtu," alisema, "kwa hiyo wakininyamazia haitaniuma."

MAOMBI

Tunaomba Mkoa umwajiri mwongozaji, na ikiwezekana awe Žofia, arudi nyumbani. Hilo liko mikononi mwako, Mheshimiwa, na tunakuomba usiliweke kwenye droo.

Ombi la pili si lako. Tunalisema mbele yako ili tusipate pa kukimbilia. Otília, tusamehe. Tuliiogopa midomo yetu, tukakuacha peke yako katikati yetu. Usihame.

Mungu akubariki, mgeni rasmi, na akulinde kwenye barafu wakati wa kurudi. Risala hufungwa kwa jina la kikundi. Lakini ukimwambia Otília "wakazi wa Krivá Dolina", hajui nani ameketi wapi, wala nani hakuja. Kwa hiyo leo kila mtu atajitaja mwenyewe, kwa sauti yake, wote themanini na mmoja. Mheshimiwa, utuvumilie, itachukua muda. Anaanza aliye mlangoni.

"Mimi ni Gejza Kuchta. Nimesimama mlangoni."

"Margita Lišková, mstari wa nyuma, karibu na dirisha."

"Padri Cyprián. Niko kulia kwako, mwanangu, ukinyoosha mkono unanigusa."

"Štefánia Hudáková. Niko mbele yako, hatua tatu. Nalia, Otka, ndiyo maana sauti si yangu."