Punje ya Kumi na Sita

Leo ni Jumamosi, tarehe 28 Juni 1980. Keshokutwa Mwalimu Desderius Ntakirutimana, mwalimu wetu wa Kiswahili, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha. Walimu wamenichagua mimi, Restuta Mayunga wa Kidato cha Nne, niandike habari zake katika jarida la shule. Nimeahidi kusema yote, pamoja na jambo ambalo sote tumekuwa tukilikwepa.

Mwalimu alizaliwa Mbuba, wilayani Ngara, akaanza kazi mwaka 1949. Watu walipohamia vijiji vya ujamaa, alisimamia kisomo cha watu wazima huku kwetu Biharamulo. Vitabu havikutosha, kwa hiyo alitunga utenzi juu ya kuchemsha maji ya kunywa, mistari mifupi ya mizani nane, ili wazee waukariri kwanza na kuusoma baadaye. Bibi Clotilda, jirani yetu, alikuwa ameapa kwamba kalamu ni kazi ya watoto. Mpaka leo huuimba utenzi huo akikoka moto.

Sisi alitufundisha tashihisi na tanakali za sauti kando ya barabara pale Lusahunga. Tuliyasikiliza malori ya kwenda mpakani Rusumo yakikohoa mlimani, tukaandika kila mlio. Utingo mmoja alituuliza kama tumetumwa na polisi kuhesabu magari. Mwalimu alimjibu kwamba tunahesabu vikohozi.

Mizani tulihesabu kwa maharage. Mfukoni mwa koti lake zilikaa punje kumi na sita. Kila silabi ilipewa punje yake, nane upande wa kushoto wa meza na nane upande wa kulia. Kila Ijumaa wanafunzi wanne walitunga ubeti mmoja. Watatu walitoa mshororo mmoja mmoja, na wa nne alitoa kituo, yaani mshororo wa kufunga. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna anayemfungia mwenzake ubeti.

Ijumaa moja ya Novemba 1978 zamu ya kufunga ilimwangukia kaka yangu Theonest, aliyekuwa Kidato cha Tatu. Wenzake walikuwa wametunga hivi:

Mama namwona shambani, jembe lake akishika,
Jua limo mgongoni, wala hajapumzika,
Nikitoka darasani, maji nitampeleka,

Theonest akaandika kituo chake ubaoni. Wanasema kilikuwa kizuri mno. Kisha Mwalimu akapanga maharage, na punje moja ikabaki kiganjani. Akaufuta mshororo ule, akampa Theonest ile punje.

“Mizani moja imekupotea,” alimwambia. “Itafute, uje nayo Jumatatu.”

“Nitaikuta njiani, Mwalimu,” Theonest akajibu, na darasa likacheka.

Jumapili lori lilikuja kuchukua mgambo. Vita vilikuwa vimeshafika Kagera, na Theonest alikuwa amepata mafunzo kijijini. Aliondoka na daftari lake, na bila shaka na ile punje. Mwezi wa tano mwaka uliofuata, Katibu Kata alifika nyumbani kwetu Bisibo akiwa amevua kofia kabla hajapiga hodi.

Mwalimu alikuja msibani kwa miguu. Hakukaa na wanaume. Alikwenda moja kwa moja mkekani alipokuwa mama yangu, akapiga magoti.

“Mama Theonest, mimi ndiye niliyeyafuta maneno ya mwanao.”

Mama akamuuliza, “Alisema nini juu yangu, Mwalimu?”

Mwalimu alilia, akainuka, akaondoka. Tangu siku hiyo hajafika tena kwetu, na mama hajaacha kuniuliza. Nimewauliza waliokuwa darasani. Zita anakumbuka kulikuwa na maji ndani yake. Alfonce anashikilia kwamba kulikuwa na kivuli. Hakuna anayeukumbuka mshororo wenyewe.

Mwalimu anaendelea kutufundisha vina, urari na vipande, kwa upole kuliko zamani. Ila sasa ana punje kumi na tano. Jikoni mwa shule kuna magunia ya maharage, lakini hataki kuongeza nyingine. Tunapofika silabi ya mwisho, huweka kidole chake mezani pahali pa punje iliyokosekana. Na siku hizi hafuti mshororo wa mtu. Huuacha na kasoro yake, akisema tutaurekebisha kesho.

Kwa niaba ya wanafunzi wote nakushukuru, Mwalimu. Ulitupa masikio ya kusikia lugha. Tunakuombea afya njema na migomba inayozaa huko Mbuba, na wajukuu wa kuwahesabia punje. Nyumbani kwetu hakuna anayekulaumu. Mama ameniagiza niliandike hilo wazi.

Ameniagiza na jambo jingine. Tunaamini wewe unaukumbuka mshororo ule, kwa kuwa wewe ndiye uliyeuhesabu silabi kwa silabi. Usiurekebishe. Utuandikie kwa posta ya kwanza, vilevile ulivyokuwa, hata punje moja ikibaki mkononi. Mwalimu, Theonest alisema nini juu ya mama?