Jukwaa Lililoyumba

Benchi la Faouzia muuza kahawa, pale mtaa wa Ampisikina, lilitazamana na nyumba ya ghorofa iliyokuwa ikipigwa lipu, kichochoro tu katikati. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na Wakomoro waliobaki Mahajanga baada ya zile vurugu za kuuawa na kufukuzwa kwa wenzao walizungumza chini chini, Kikomoro na Kimalagasi vikipokezana, Kiswahili cha wazee kikibaki kwa dua na methali. Attoumane alikaa ukingoni mwa benchi. Alikuwa mwashi mpaka mgongo ulipomkataa, na walimwita Timazi kwa kuwa jicho lake halikuvumilia kitu kilichopinda. Asubuhi hiyo aliangalia kahawa yake tu. Ng'ambo, mirunda ya jukwaa ilikuwa bado imelala mchangani, kama ilivyoporomoka juma lililopita na Soulé, mpiga lipu, akiwa juu yake.

— Mpanda ngazi hushuka, alisema Abdérémane, ambaye jina lake la kijiweni lilikuwa Redio.

— Hiyo ni ya wenye vyeo, alijibu Youssouf. Soulé cheo chake karai.

— Kwani hakushuka?

Youssouf waliyemwita Bwana Mwezi, maana kila jambo alilipima kwa mwezi, alitikisa kichwa.

— Mirunda ile ilikatwa mwezi mpevu. Mti wa mwezi mpevu umejaa maji, na maji hayapendi kukaa juu.

— Mwezi wako huo. Mimi nimesikia alipanda na nyama ya mbuzi mfukoni. Kiwanja kile mbuzi ni fady, mwiko wa wenyeji.

— Nyama gani? Ule mchanga wameuchota pwani, wakauchota na jini lake. Chumvi ikikauka, jini linawashwa.

— Likamsukuma?

— Halikumsukuma. Lilipiga chafya.

Redio alicheka peke yake. Faouzia aliendelea kusuuza vikombe.

— Timazi, fundi ni wewe, alisema Redio. Sema basi.

Attoumane alijua, na alijua tangu siku ile jukwaa liliposimamishwa. Nguzo mbili zilikanyaga vipande vya matofali, mchanga ukihama chini yake. Hapakuwa na mrunda wa mshazari hata mmoja, wala kamba ya kulishika jukwaa ukutani. Ngazi iliishia chini ya mbao, kwa hiyo Soulé alilazimika kujirusha ili apande. Kila alipojirusha, jukwaa zima liliyumba, na benchini mtu alisema, “Meli hiyo inatweka,” wakacheka. Attoumane naye alicheka. Alijiambia kwamba mtu mzima haingilii kazi ya mwenzake, tena siku hizi anayefungua mdomo hujitafutia balaa. Ilikuwa kuvuka kichochoro tu.

— Mwenda pole hajikwai, alisema.

Hakuna aliyeelewa alichokusudia. Hata yeye.

Pusupusu, kile kigari cha abiria kinachovutwa na mtu, ilisimama mbele yao, na kabla mvutaji hajaiweka mipini yake chini, mwanamke mwenye vumbi la safari alishuka na mfuko wake.

— Salamu alaikum, baba zangu. Mimi Kouraichia, mke wa Soulé. Nimetoka Andoany, kule Nosy Be. Nimempitia hospitali.

Walimwitikia kwa sauti ndogo. Bwana Mwezi alisimama akampisha, lakini mwanamke hakukaa.

— Anaendeleaje? aliuliza Faouzia.

— Nyonga imevunjika. Kuanguka kwenyewe hakumbuki. Mwenye nyumba ile ng'ambo ananiambia Soulé ni mkaidi, kwamba watu wa benchi hili walimwambia ashuke akakataa. Nimekuja niwasikie wenyewe. Nani alimwambia?

Redio alikung'uta kofia yake isiyokuwa na vumbi. Attoumane aliweka kikombe chake chini.

— Hakuna, mwanangu, alisema. Mwenye nyumba amesema uongo. Hakuna aliyemwambia.

— Hamkuona linayumba?

— Tuliona.

Kouraichia alilipokea neno hilo polepole. Usoni pake hapakuwa na hasira, na Attoumane alitamani iwepo.

— Basi mlikuwa mnafanya nini?

Faouzia alimmiminia kahawa. Kouraichia akakaa pale alipopishwa, akashika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, akawatazama mmoja mmoja, akisubiri kwa upole kama mtu aliyeuliza njia tu.