Mama Nafasi Akabidhi Ufagio

Voi, 30 Desemba 1988

Kwa Bi. Tryphena Mghoi

Kesho, tarehe 31 Desemba, Bi. Tryphena Mghoi atatimiza miaka ishirini na saba ya kazi katika Kampuni ya Maghala na Uchukuzi ya Nyika, na atastaafu. Alianza Januari 1962 akiwa karani wa ghala. Anaondoka akiwa mkuu wa ofisi ya kompyuta. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu tumekuwa pamoja katika chumba cha mashine tangu kompyuta ya kwanza ilipofika, na nadhani pia kwa sababu mimi hukumbuka vitu vidogo. Wanaokumbuka vitu vikubwa watasema kwenye sherehe.

Bi. Tryphena ni mzaliwa wa Chawia, kwenye milima ya Taita. Alipoajiriwa, ghala letu lilikuwa kando ya reli, na kila treni ya Taveta ilipopita chaki zilianguka kutoka mezani kwake. Chaki ndizo zilikuwa kifaa chake cha kazi. Lori likifika na mzigo, yeye ndiye aliyechora sakafuni mahali pa kuuweka. Mzigo ukiondoka, alifuta mstari, na kama nafasi mbili tupu zilikuwa jirani, aliziunganisha ziwe moja, ili marobota ya mkonge kutoka Mwatate yakija kwa wingi yapate mahali pa kutosha. Makarani wengine waliacha vijinafasi huku na huku, kisha wakalalamika kwamba ghala limejaa. Ghala la Bi. Tryphena halikujaa kirahisi. Madereva walizoea kusimama mlangoni na kuita, "Mama, nipe nafasi!" Hapo ndipo alipopata jina la Mama Nafasi, na hata mkurugenzi alilitumia bila kujua kwamba si jina lake.

Katika ghala la Voi kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika popote. Anayeondoa mzigo ndiye anayefagia. Nafasi hairudishwi kwa karani mpaka iwe safi. Kwa hiyo anayekuja na mzigo mpya haangalii hata chini, anaweka tu. Mwaka mmoja Bi. Tryphena alitumwa Taveta kumshikia karani aliyekuwa likizoni. Huko desturi ilikuwa kinyume: anayeingia ndiye anayefagia. Yeye, mtu wa Voi, aliona mahali patupu akaamuru magunia ya maharagwe yashushwe, na yakashushwa juu ya vumbi la saruji ya wiki iliyopita. Alisimulia kisa hiki mwenyewe kila mfanyakazi mpya alipoajiriwa, na kila mara alicheka kuliko wasikilizaji.

Mwaka 1973 kampuni ilinunua kompyuta. Bi. Tryphena alipelekwa Nairobi kusomea kuandika programu, pamoja na Alice Kalondu, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wangu. Waliporudi walikuta programu zetu zikigombana. Kila programu ilijichukulia nafasi katika kumbukumbu ya mashine kama ilivyotaka, ikamkanyaga mwenzake, na mashine ikaganda. Nilikuwa mwendeshaji wa mashine, na kazi yangu kubwa siku hizo ilikuwa kuizima na kuiwasha. Bi. Tryphena alitazama hali hiyo kwa muda, akasema, "Hili ni ghala lisilo na karani."

Basi akaandika karani. Tuliiita Mgawaji. Programu yoyote ikitaka nafasi inamwomba Mgawaji, ikimaliza inairudisha kwake, naye anaunganisha nafasi zilizo jirani, vilevile kama alivyofanya kwa chaki. Mashine iliacha kuganda, nami nikapata wakati wa kunywa chai.

Lakini Mgawaji naye lazima apate nafasi kutoka kwa mashine yenyewe, na kila mashine ina mfumo wake wa kuiendesha na namna yake ya kuombwa. Hapo Bi. Tryphena na Alice walifanya jambo ambalo ndilo hasa ninataka likumbukwe. Walikataa Mgawaji azungumze na mashine moja kwa moja. Chini yake waliweka kipande chembamba cha programu walichokiita Mlango. Mgawaji anajua kugawa tu. Akitaka eneo kubwa, anauomba Mlango. Akitaka kurudisha, anarudisha kwa Mlango. Akitaka kujua kipimo kidogo kabisa ambacho mashine inakubali kutoa, anauuliza Mlango. Mlango peke yake ndio unaojua lugha ya mashine. Siku mashine ikibadilishwa, walisema, tutaandika Mlango mpya, na vingine vyote vitabaki kama vilivyo.

Alice alitaka Mlango uwe na swali moja zaidi. Aliliandika kwenye pembe ya ubao: "Je, imefagiwa?" Bi. Tryphena aliona halina haja. Mashine yetu ilitoa nafasi safi kila mara, haikubaki hata alama ya kazi iliyotangulia. "Dada Alice, hapa ni Voi," alimwambia. "Hapa tunapewa mahali pakiwa pamefagiwa." Alice hakubishana, ila hakufuta. Ubao ulifutwa kila Ijumaa na ile pembe ikaachwa. Sijui nani alianzisha utaratibu huo.

Niseme kidogo kuhusu sweta. Chumba cha mashine kilikuwa cha pekee Voi nzima chenye kipoza hewa, na Bi. Tryphena, pamoja na kuzaliwa kwenye baridi ya milimani, alikuwa akitetemeka humo. Wageni walitoka kwenye jua la stesheni wakamkuta katika sweta la buluu lililofungwa hadi shingoni, wakampa pole wakidhani ana malaria. Kifungo kimoja kilipopotea, Alice alimshonea kingine cha kahawia kilichotoka kwenye koti langu. Kilikuwa kibaya sana machoni. Bi. Tryphena alikitazama akasema, "Sasa nimekuwa mali ya kampuni, nimepigwa muhuri." Hakukibadilisha.

Mwaka 1984 ulitujaribu. Mashine ilikuwa imezeeka na vipuri vyake havikutengenezwa tena. Mashine mpya ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Makao makuu Mombasa waliona kwamba kuandika programu zote upya kutachukua muda mrefu mno, afadhali ofisi ya kompyuta ya Voi ifungwe na kazi ihamishiwe huko. Barua za kutuachisha kazi zilikuwa tayari, zikingoja sahihi ya meneja wetu, Bwana Danson Katuku. Tena ulikuwa mwaka wa ukame. Magunia ya mahindi ya manjano yalikuwa yakipitia maghala yetu kwenda kwa watu wenye njaa, na orodha za malori zilitoka kwenye mashine yetu.

Bi. Tryphena alisimama kwenye mkutano akasema hatutaandika programu upya, tutaandika Mlango. Bwana Katuku, ambaye ni mtu wa utani, akamuuliza, "Mama, unataka kuhamisha nyumba nzima kwa kubadilisha mlango tu?" Watu wakacheka. Naye akajibu, "Chekeni. Lakini Bwana Katuku, hizo barua usizitie sahihi kwanza." Akarudi chumbani, akafunga sweta, akaanza kazi. Alipokuwa na jambo gumu alinong'ona kwa Kidawida, lugha ya kwao, na siku hizo tulisikia Kidawida kingi.

Mlango mpya ulikamilika. Asubuhi ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri, hata tukapeana mikono. Mchana, Muli, dereva wetu wa lori kubwa, alikuja dirishani na karatasi mkononi.

"Mama Nafasi, hii karatasi yako inanipeleka Bura na Kasigau saa ileile. Nilikate gari katikati?"

Akaongeza kwamba mzigo wenyewe umeandikwa saruji, na watu wa Kasigau hawali saruji. Orodha za asubuhi zilikuwa zimeingia ndani ya orodha za mchana. Bwana Katuku alikuja, akatazama, hakutania. Alisema tu kwamba Mombasa wamepiga simu wakitaka jibu kesho, na malori hayawezi kungoja.

Nilikuwa nimesimama karibu na Bi. Tryphena. Aligeuka akatazama ile pembe ya ubao, kisha akasema neno moja: "Taveta." Wengine hawakuelewa. Alice alielewa mara moja. Mashine mpya ilikuwa ya desturi ya Taveta. Haikufagia kabla ya kutoa. Ilimwachia anayeingia afagie mwenyewe, na programu zetu zote, zilizolelewa Voi, ziliweka mzigo bila kuangalia chini.

"Nilikuuliza, dada," Alice alisema.

"Uliniuliza. Sasa njoo tufagie."

Kama kusingekuwa na Mlango, ingetubidi tufungue programu moja moja na kutia ufagio katika kila moja, na ofisi ingekuwa imefungwa kabla hatujafika nusu. Wao waliutia mahali pamoja. Alice alisoma, Bi. Tryphena akaandika, mimi nikaendesha mashine. Orodha zilitoka upya jua likiwa bado juu ya mlima wa Sagalla. Muli alipewa karatasi yake, akaikagua mbele na nyuma, akaenda Kasigau na mahindi. Bwana Katuku alipiga simu Mombasa, kisha akatuletea birika la chai kwa mikono yake mwenyewe. "Nyumba imehama, Mama," alisema. Zile barua hatukuziona tena.

Alice alifariki mwaka 1986 baada ya kuugua. Nitasema jambo moja tu hapa. Kila siku ya soko, Bi. Tryphena alipita nyumbani kwangu na sahani ya kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa, iliyofunikwa kitambaa. Aliiweka mezani na kuniambia, "Makau, sahani nitaichukua kesho." Kesho haikufika. Alikuja na sahani nyingine. Nilipozirudisha zote, zilijaa kikapu, naye akasema hakujua kwamba ana sahani nyingi kiasi hicho.

Mwaka huu mashine imebadilishwa tena. Swali la makao makuu lilikuwa lilelile, ofisi ibaki au ifungwe, ila sasa lilikuwa na kipande cha pili: Mama Nafasi akistaafu, nani ataihamisha nyumba? Bwana Katuku alimsihi aongeze mwaka mmoja. Alikataa. "Nikiongeza mmoja mtaniomba wa pili. Kama Mlango unanihitaji mimi, basi hatukujenga mlango, tulijenga bawabu." Kazi aliikabidhi kwa Bi. Peris Wakesho, mwandishi wa programu ofisini mwetu, na yeye mwenyewe akajipiga marufuku kugusa mashine. Alichukua kiti, akakaa nje chini ya dirisha na ungo wa maharagwe ya kupukuchua.

Peris alichungulia dirishani kabla hata hajaandika mstari mmoja. "Mama, hii inafagia au haifagii?"

Bi. Tryphena hakuinua kichwa. "Mimi naenda Chawia. Iulize mashine."

Peris aliiuliza. Aliandika alama katika nafasi, akairudisha, akaomba tena, akatafuta alama zake. Mara nyingine hazikuwapo, mara nyingine zilikuwapo. Hii si mashine ya Voi wala ya Taveta, ni mashine isiyo na desturi. Basi akaamua Mlango ufagie kila mara, bila kuamini neno la mashine. Wiki iliyopita orodha za kwanza zilitoka. Muli, ambaye sasa ana mvi lakini sauti ni ileile, alisoma ya kwake akiwa dirishani.

"Leo ninakwenda Bura tu? Basi mmeninyima hata la kulalamikia."

Sote chumbani tulimngoja Mama Nafasi aingie. Hakuingia. Tulisikia maharagwe yakianguka kwenye ungo, moja moja kwanza, halafu kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana safari.

Bi. Tryphena, kampuni inakushukuru kwa ghala lisilojaa, kwa Mgawaji, kwa Mlango, na kwa kazi ambazo hatukuzipoteza. Peris amesema pembe ya ubao haitafutwa. Shamba lako likupe mavuno, magoti yako yakubali ule mlima, na kila utakapofika upewe mahali pazuri pa kukaa, pakiwa pamefagiwa.

Na asubuhi zile za baridi huko Chawia, unapofunga sweta lako la buluu, ukifika kwenye kile kifungo cha kahawia, utukumbuke, mimi na Alice.

Makau Kituku
Chumba cha mashine