Ziwa Lisilokuwepo Mgeta

Katika lori la kabichi lililokuwa likiteremka kutoka Mgeta, Mwalimu Severin, mstaafu asiyevumilia lugha legelege, aliwasikia wanawake wawili wasiojuana wakizungumza.

"Mara ya kwanza watafiti waliniuliza kama nina uvimbe ziwani," alisema Hidaya. "Nikawajibu, ziwa liko Mwanza, mimi sijafika!"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Utafiti ule wa saratani uliongozwa na mjukuu wake Devotha, na ni Mwalimu mwenyewe aliyefuta "titi" kwenye fomu, akaandika "ziwa", neno la heshima.

"Mwaka uliofuata yule binti Devotha akaniuliza waziwazi: titi. Nikamwonyesha kivimbe kama punje ya mahindi. Nimetibiwa, dada, na juzi daktari kasema saratani haionekani tena!"

"Shii! Usilitaje mbele ya mzee," alinong'ona Zuhura. "Mimi nina kivimbe changu tangu Ramadhani, na nimenyamaza."

"Basi utazikwa na adabu zako!"

Lori likasimama sokoni. Mwalimu akainuka, akanyoosha koti, akamgeukia Zuhura kwa sauti ya darasani:

"Devotha ni mjukuu wangu, mama. Kamwambie leo hii: titi. Haya, sema."